Swichi ya bandari 48 iliyojaribiwa Unguja kwa jedwali zima la njia za intaneti

Kampuni yetu ndogo ya huduma za intaneti hapa Mjini Unguja imenunua swichi, yaani kifaa cha kupitishia data, yenye bandari 48 (matundu ya kuchomekea nyaya), ambayo karatasi yake ya maelezo inaahidi kubeba njia milioni 1, yaani maelekezo ya wapi pa kupeleka data ya kila kundi la anwani. Niliomba wiki moja ya kuijaribu kabla haijapokea wateja, kwa sababu kasoro ya aina hii haionekani siku ya kufunga kifaa, huonekana siku jedwali linapojaa. Agosti 12, 2014, jedwali la dunia la njia za IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za intaneti) lilipovuka njia 512,000, ruta (vifaa vya kuelekeza data) za zamani zilizowekewa kikomo hicho zilizidiwa na huduma zikayumba katika nchi nyingi. Leo jedwali hilo lina takriban njia milioni 1, na la IPv6, mfumo mpya wa anwani, limepita 200,000.

Nilichukua nakala ya majedwali yote mawili kutoka mradi wa RouteViews wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambao hutoa mafaili yake bure, nikaipakia kwenye seva yenye programu ya GoBGP, inayotumia BGP (lugha ambayo mitandao hutangaziana njia), nayo ikaitangazia swichi njia hizo kama ambavyo angefanya mtoa huduma wetu wa Bara. Idadi inayooneshwa na BGP ni ya programu, ilhali anayesafirisha pakiti (vipande vya data) ni chipu ya swichi yenye kumbukumbu yake mwenyewe. Kwa hiyo nilihesabu pande zote mbili, kisha nikatuma pakiti kuelekea anwani nilizookota humo jedwalini, hasa zile zilizopakiwa mwisho.

IPv4 peke yake iliingia yote. Ahadi ilipungua nilipoongeza IPv6, kwani katika chipu hii njia moja ya IPv6 huchukua nafasi ya njia mbili au zaidi za IPv4, na mgawanyo wa kiwandani umetenga sehemu kubwa ya kumbukumbu kwa anwani za MAC (za vifaa vya mtandao wa ndani) ambazo sisi hatuzihitaji kwa wingi huo. Programu iliendelea kudai kwamba njia zote zimo, wakati chipu imekwisha kuzikataa baadhi yake na pakiti za huko zinapotea. Onyo lilikuwa mstari mmoja tu katika daftari la matukio. Hili ndilo ninalolilaumu kuliko yote, kwani fundi wa zamu angetafuta kosa kwenye waya usiku kucha. Nilipobadilisha mgawanyo na kuiwasha upya, majedwali yote mawili yaliingia, ingawa nafasi iliyobaki ni finyu.

Nilikata pia umeme kwa makusudi, maana sisi tuliokaa gizani Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuwezi kununua kifaa bila kuuliza kitaamkaje. Swichi iliwahi kujitangaza kwa vifaa jirani kabla chipu haijamaliza kupokea njia, na pakiti zikapotea katika muda huo. Upo mpangilio wa kuifanya isubiri kwanza. Uwashwe tangu siku ya kwanza.

Feni zake ni nzuri na joto la chumba chetu haikulishtukia.

Kwa bei yake, siishauri kwa anayetaka kuiweka mpakani mwa mtandao wake na kubeba majedwali mazima kwa miaka mingi. Sisi tumeipeleka Chake Chake, inakobeba njia za ndani ya nchi pamoja na njia moja ya jumla (ya kila anwani isiyo na njia yake) kuelekea Unguja, na kazi hiyo inaimudu vizuri.