Karatasi ya njano ya kuhamishia saketi, baada ya bodi tisa

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza bodi za saketi, yaani vibao vyenye njia za shaba zinazounganisha vifaa vya elektroniki, nyumbani kwa kutumia karatasi zinazong'aa za majarida ya zamani, wala sikuona sababu ya kununua karatasi maalumu mpaka nilipoharibu bodi tatu mfululizo katika juma moja. Ndipo nikaenda Kariakoo na kununua pakiti ya karatasi 10 za njano, za ukubwa wa A4, zisizo na maelezo yoyote isipokuwa mstari mmoja wa Kichina, kwa shilingi 12,000. Tangu hapo nimetengeneza bodi tisa.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, tona ya printa ya leza si wino bali ni unga laini wa plastiki, ambao joto la printa huuyeyusha ukagandamana na karatasi. Mchoro wa saketi uliochapwa ukilazwa juu ya bamba la shaba na kupigwa pasi, unga ule huyeyuka tena na safari hii hushika kwenye shaba. Kisha bamba hutumbukizwa katika feriki kloraidi, dawa inayokula shaba yote iliyo wazi na kuiacha ile iliyofunikwa na tona. Printa ya wino wa majimaji haiwezi kazi hii hata kidogo. Ugumu wote umo katika kuitoa karatasi bila kuing'oa tona, na hapo ndipo karatasi ya njano inapoonyesha thamani yake. Karatasi ya jarida sharti ilowekwe majini na kusuguliwa kwa kidole gumba mpaka nyuzi zitoke, na nyuzi zinazosalia baina ya njia mbili zilizokaribiana huizuia dawa isiifikie shaba, njia hizo zikabaki zimeungana. Karatasi ya njano ina utando laini upande mmoja ambao tona haiung'ang'anii. Bamba likishapoa, unashika pembe na kuvuta taratibu, nayo inatoka safi kabisa. Mara ya kwanza niliigeuza huku na huku nikidhani sikuichapa, kumbe mchoro wote ulikuwa umehamia kwenye shaba.

Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake. Kwa kuwa tona haiishiki sawasawa, mchoro hukwaruzika kabla hata haujafika kwenye pasi. Mimi sina printa. Huchapa kwenye duka la steshenari lililo mtaa wa pili, na mchoro wangu wa kwanza niliukunja katikati nikautia mfukoni, nikafika nyumbani njia mbili zimekatika penye mkunjo. Siku hizi naubeba ndani ya jalada gumu. Kijana wa steshenari naye mwanzoni alikataa kuipitisha karatasi asiyoijua kwenye mashine ya watu, na simlaumu, maana karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa printa za wino inaweza kuyeyukia ndani ya printa ya leza na kuiharibu. Tulikubaliana nilipomwonyesha kwamba hii inastahimili pasi ya moto bila kunata. Mwombe pia azime mpangilio wa kubana tona, kwa sababu mchoro uliopauka huacha vitundu vidogo ambavyo dawa hupenya.

Karatasi nzima kwa bodi ya ukubwa wa kiberiti ni hasara. Ninachofanya ni kuchapa mchoro kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kubandika juu ya mahali pale kipande cha njano kilichokatwa kwa kipimo, gundi ikiwa upande utakaotangulia kuingia kwenye printa, kisha kuipitisha tena. Kwa njia hii karatasi sita zimetosha bodi zote tisa, pamoja na mbili nilizorudia kwa uzembe wangu: nilikuwa nimeugeuza mchoro wa upande wa chini kama wa kioo, ilhali upande huo huchapwa kama ulivyo kwenye programu ya kuchorea, na miguu ya mikrokontrola, chipu inayoendesha saketi, ikatokea kinyume.

Pasi iliyonifaa ni ile nzito ya zamani isiyo na mvuke, kwa kuwa matundu ya pasi ya mvuke huacha madoa ambayo hayakupata joto. Umeme ulipokatika niliijaribu ya mkaa. Nyuma ilikuwa moto, nchani vuguvugu, na nusu ya mchoro ikabaki kwenye karatasi. Shaba yenyewe nayo isuguliwe kwa stiliwaya mpaka ing'ae na kufutwa kwa asetoni, kisha isiguswe kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi yanatosha kuizuia tona.

Kwa upande wa matokeo, karatasi ya jarida ilinipa njia za upana wa milimita 0.5 bila wasiwasi. Ya njano imenifikisha 0.3, kingo zikiwa zimenyooka, na naweza sasa kupitisha njia moja katikati ya miguu miwili ya IC (chipu) ya kawaida, iliyoachana kwa milimita 2.54, bila kushika roho. Kwa kazi ya namna hiyo bei yake naiona halali, na zile nne zilizobaki nimezihifadhi kwenye mfuko mkavu. Bodi yenye rezista tano na taa moja, hata hivyo, bado naitengeneza kwa jarida.