Spitfire yangu ya 1/72: naanza kuikagua tumboni

Spitfire yangu ni ndege ndogo ya mfano, ya ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Kabla sijaisimamisha kwenye kiguu chake niliigeuza chali. Tabia hii nimeirithi kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi saa Tanga. Saa yoyote ikiletwa kibandani kwake, aliipindua kabla hajautazama uso wake. "Mjomba, geuza kwanza," alikuwa akiniambia. "Uso kila mtu anajua kuupamba." Siku hizi naishi Leicester, Uingereza, huu ni mwaka wa sita nakusanya ndege za kivita za mfano za madini, na bado nageuza kwanza.

Ndege yenyewe ni Spitfire Mk I, yaani toleo la kwanza, skeli ya 1/72 (kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 72), yenye herufi DW za kikosi namba 610, kilichokuwa kikiruka kutoka uwanja wa kijeshi wa Biggin Hill, Uingereza, kiangazi cha 1940. Niliinunua mpya kwa pauni 52. Jina la kiwanda na la duka nayaacha, maana nilichokikagua ni ndege hii moja niliyoishika mkononi, na ndege mbili za kalibu moja zinaweza kutoka tofauti kabisa.

Kwa nini tumbo? Kwa sababu Spitfire za mwanzo zilikuwa na tumbo lisilolingana. Chini ya bawa la kulia kulikuwa na rejeta ya kupoza injini, pana na nene kama sanduku. Chini ya bawa la kushoto kulikuwa na kipoza oili, kidogo na chembamba. Ni Mk IX, iliyokuja baadaye na injini ya Merlin yenye nguvu zaidi, iliyopata masanduku mawili yanayofanana, moja kila upande. Kiwanda kinachotaka kubana gharama hutengeneza kalibu moja ya mabawa, kisha huitumia kwa kila Spitfire na kubadilisha rangi tu. Kwa hiyo sehemu hii hunionyesha kama aliyeichora aliijua ndege au alijua kivuli chake tu. Ukiikagua, kumbuka kwamba ndege ikiwa chali na pua yake ikielekea mbele, mbali nawe, bawa la kushoto la rubani liko mkono wako wa kulia. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilimlalamikia muuzaji kwa kosa ambalo halikuwepo, nikalazimika kumwomba radhi.

Yangu iko sawa. Tena nilipomulika tochi ndani ya rejeta niliuona wavu, vitundu vidogo vilivyochongwa mahali ambapo wanunuzi wengi hawatafika. Nilifurahi sana. Ekzosi nazo ni tatu kila upande, kama Mk I inavyotakiwa. Zikiwa sita, hiyo pua ni ya ndege ya baadaye.

Nikachukua kalipa ya vernia, kifaa cha kupimia urefu mdogo. Spitfire Mk I halisi ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na urefu wa mita 9.12. Gawanya kwa 72, unapata milimita 156 na milimita 127 hivi. Yangu imetoka 155.5 kwa 127. Nimeridhika. Lakini vipimo peke yake havitoshi, kwa sababu bawa la Spitfire ni duaradufu, na duaradufu ni rahisi kuiharibu. Ukingo wa mbele umepinda kidogo, ukingo wa nyuma umepinda zaidi, na popote palipo mstari ulionyooka kidogo tu, jicho linagundua hata kama akili haijui kwa nini. Mimi hupiga picha kutoka juu kabisa, kisha nailinganisha na mchoro wa ndege halisi. Hapa waliotengeneza walifanya kazi nzuri kweli.

Sasa niseme lililoniudhi. Bawa la kushoto linapoungana na bodi pana mwanya. Nimeupima, ni kama milimita 0.4. Mtu atasema hiyo ni unywele. Zidisha kwa 72: karibu sentimita tatu. Kwenye Spitfire halisi pale pana bati lililopindwa taratibu kuziba kona kati ya bawa na bodi ili upepo upite bila kukwama. Mwanya wa sentimita tatu mahali pale rubani angepenyeza vidole. Upande wa kulia umefungika vizuri, kwa hiyo kalibu ni nzuri ila aliyeunganisha hakukaza. Hesabu hii ya kuzidisha kwa 72 ndiyo naifanya kila mahali. Mistari ya maungio ya mabati, kwa mfano: ikichimbwa kwa upana wa milimita nusu, ni kama ndege ina mitaro ya sentimita tatu na nusu mgongoni. Ndege hii mistari yake ya mabawani ni myembamba, hata unaiona tu mwanga ukija kwa ubavu. Kwenye vifuniko vya injini ni mizito zaidi, na pale nakubali, maana vile vilikuwa vifuniko vya kufunguliwa na mafundi kila siku.

Ukingo wa nyuma wa bawa nao ni mnene, milimita 0.8 hivi. Hilo silihesabu kuwa kosa. Ndege hizi husubiwa kwa zamak, aloi ya zinki yenye aluminiamu, magnesiamu na shaba, na madini yakisukumwa kwenye kalibu yanahitaji nafasi ya kupita kabla hayajaganda. Anayetaka ukingo kama wembe anunue ya plastiki aunganishe mwenyewe. Ndiyo maana pia mlingoti wa antena na bomba jembamba la kupimia mwendo huwa vya plastiki hata kwenye ndege inayoitwa ya madini. Watu huzipima ndege kwa uzito mkononi: nzito ni nzuri, nyepesi ni hafifu. Sikubaliani nao. Nina moja nzito kama jiwe la kilo na pua yake ni ya kubuni tu.

Anayenunua za zamani aangalie zaidi zinki yenyewe. Aloi iliyochafuliwa na risasi, ile metali laini, huoza kutoka ndani: kwanza nyufa kama za tope lililokauka, kisha kuvimba, mwisho inamomonyoka. Midoli mingi ya chapa ya Dinky ya kabla ya Vita vya Pili imeishia hivyo, na hakuna gundi wala rangi inayoirudisha. Ukiona rangi imeinuka kwenye bawa la ndege ya mtumba, irudishe mezani.

Rangi za yangu nilizitazama dirishani, si chini ya taa. Juu ni mabaka ya kijani kizito na kahawia ya udongo. Chini ni ile rangi iliyoanza kupakwa katikati ya 1940, kijani kilichopauka sana, ambayo viwanda vingi hukosea na kuifanya bluu ya anga. Hapa wamepatia. Kwenye kingo za mbele za mabawa pana viraka vinane vyekundu, vinne kila upande. Ndege halisi ilikuwa na rashasha nane za Browning, na mafundi walibandika vitambaa kwenye midomo yake kuzuia uchafu na unyevu usiingie, risasi ya kwanza ikavipasua. Vyangu vinane vipo, ila viwili vya bawa la kulia vimechapwa chini kidogo ya ukingo. Herufi DW zimenyooka na kingo zake hazikutoa ukungu. Kioo cha rubani ni safi lakini kinene, kinakuza kichwa cha aliyekaa ndani.

Panga boi lina mapanga matatu yenye ncha za njano. Ukiitazama ndege kwa mbele linatakiwa kuzunguka kinyume na saa, na yangu mapanga yamepinda kwa mwelekeo huo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Duxford, kwenye makumbusho ya ndege, kusimama mbele ya N3200. Hiyo ni Spitfire Mk I ya kikosi namba 19, iliyoangushwa Mei 1940 wakati wa kuokoa majeshi yaliyokwama Dunkirk, Ufaransa. Rubani wake, Geoffrey Stephenson, aliishusha ufukweni Sangatte akatekwa. Ndege ikamezwa na mchanga hadi 1986, na mwaka 2014 ikaruka tena. Niliinama hadi mgongo ukauma ili nione chini ya mabawa. Sanduku la rejeta kulia, kipoza oili kushoto. Nilichojifunza pale, ambacho picha hazikuwahi kunionyesha, ni jinsi miguu yake ilivyokaribiana. Hukunjwa kuelekea nje, tofauti na ya Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, inayokunjwa kuelekea ndani, kwa hiyo ikiwa chini inasimama kama mtu aliyebana mapaja. Niliporudi nyumbani niliitazama yangu upya, nikaona magurudumu yametanuka kupita kiasi kidogo. Nikiyasukuma kwa kidole taratibu yanakaa.

Duka nililiandikia kuhusu mwanya, nikaambatanisha picha. Walikubali niirudishe, au nirudishiwe pauni 10 nibaki nayo. Nilikaa na swali hilo siku mbili, nikachukua pauni 10. Ningeletewa nyingine, huenda bawa lingefunga na viraka vyote vinane vingekaa vibaya. Kwa 42 ni ndege nzuri. Kwa 52 ningeirudisha.

Iko rafu ya tatu, pembeni ya Hurricane, juu ya kipande cha kioo nilichokatiwa kwa fundi wa madirisha, ili tumbo lake lionekane bila kuishika.