Bega langu lilikuwa bado liko Outer Ring

Wacha niandike juu ya huyu mama wa masaji wa Ngong Road juu kuna mtu anateseka na hii kitu kama mimi.

Mwaka jana boda iliniangusha kwa barabara ya Outer Ring, hapa Nairobi. Eksrei ilikuwa safi, nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani, lakini bega la kushoto likakataa, mkoba sibebi, kulala ni upande mmoja, na watu wananiambia ulishapona hayo ni mawazo tu. Hiyo ndio iliniuma zaidi.

Nilienda nikijua ni kupakwa mafuta na kukandwa. Wapi! Dakika 20 za kwanza hakunigusa, aliuliza niliangukia upande gani, nani aliniinua, nililia ama nilinyamaza. Nikamwambia niliamka nikasema niko sawa nikapanda matatu nikaenda kazi.

Sasa nikiwa nimelala pale, mkono wake uko chini ya bega, boda ikapita nje ikipiga honi. Akaniambia polepole, "Dada umesikia hilo bega? Limepanda kabla hata hujafikiria." Na kweli lilikuwa limefika karibu na sikio. Machozi yakatoka tu.

Nilipenda hakunidanganya eti kuna uchungu umejificha kwa nyama atautoa na vidole. Alisema mwili ulijifunza kujikinga siku ile na hakuna mtu ameuambia hatari imeisha. Akanifundisha kutoa pumzi ndefu kama mtu anapuliza uji moto, akaeleza kuna neva inaitwa vagasi inashuka kutoka kwa ubongo ikipitia shingo mpaka kwa moyo na tumbo, ukitoa pumzi polepole inasaidia moyo kupunguza mbio. Pia alisema kama usingizi bado unasumbua nione mshauri nasaha, masaji peke yake haitoshi. Watu wa biashara ni wachache wanasema hivyo.

Mabaya yapo. Ni 2,500 kwa saa moja na bima haikubaliwi. Kuta ni nyembamba, unasikia simu za jirani. Na lile tangazo la mlangoni eti masaji inatibu sukari watoe kabisa, mtu ataacha dawa zake.

Nimeenda mara nne. Bado kukiwa na baridi linauma, lakini juzi nimeanika blanketi kwa kamba ya juu na mikono yote miwili.