Kaunseling ya kutembea msituni: tiba kweli au matembezi ya kulipia?

Mimi ni wale watu ambao ukinikalisha kwenye kiti alafu ukanikazia macho ukaniuliza najisikiaje, basi umeniua, najibu "niko poa" na saa inaisha hivyohivyo. Ndo maana niliposikia kuna makaunsela wanafanya sesheni nje, mnatembea kwenye miti huku mnaongea, nikaona ngoja nijaribu. Nimekaa nayo muda wa kutosha sasa na mtaalamu mmoja (simtaji), na kwa kuwa kila nikiigusia hii kitu naulizwa kama ni tiba kweli, jibu langu ni ndiyo, ni tiba. Mtu wako kasomea, mna malengo, muda ni uleule wa kama dakika 50, kilichobadilika ni kwamba hamna kochi. Na wala sio fasheni mpya, Freud mwenyewe, yule daktari aliyeanzisha tiba ya kuongea iitwayo saikoanalisia, mwaka 1910 alimsikiliza mtunzi wa muziki Gustav Mahler wakizunguka kwa miguu mji wa Leiden kule Uholanzi, inasemekana masaa kama manne.

Kilichonishika mimi ni kutoangaliwa. Mnatembea bega kwa bega, wote mnaangalia mbele, si unajua watu wanavyofunguka kwenye gari usiku, ni hivyohivyo. Alafu ukimya hauna aibu, ofisini mkinyamaza sekunde kumi unaanza kutafuta cha kusema ili mradi tu, huku unanyamaza unatembea, unasikia ndege, unanyamaza tena, mara sentensi ambayo hukupanga kuisema inatoka yenyewe. Na yeye anaenda kwa mwendo wangu, nikianza kukimbiza miguu ananiuliza tunakimbia nini hapa, na mara nyingi kweli kuna kitu nakikimbia.

Watu wanapenda kuleta utafiti wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani wa 2015, watu 38 walitembea dakika 90, wengine kwenye majani na miti na wengine pembeni ya barabara yenye magari kibao, na wale wa kwenye miti ndo walipungukiwa na ile tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya kuhusu wao wenyewe. Sawa, naukubali, ila hao walitembea bila kaunsela yeyote, kwa hiyo usiuziwe hii tiba kwa utafiti wa miti peke yake.

Sasa faragha. Hapa ndo pana shida. Kabla ya kuanza tulikubaliana kabisa tukikutana na mtu ninayemjua itakuwaje: mimi ndo nasalimia, yeye hajitambulishi, mada inasimama mpaka huyo mtu apite. Nzuri, lakini kuna siku tulipita njia yenye watu wengi, kila anayekaribia mimi nashusha sauti, mwisho nikajikuta naongelea mambo madogomadogo ya kazini mpaka muda ukaisha, yaani hela imeenda hivyo. Nikamwambia, tukahamia njia nyingine na asubuhi mapema, ikawa afadhali. Kulia nako, ofisini kuna tishu na mlango umefungwa, huku kuna mtu anapita na mbwa wake na mbwa ndo anakushangaa zaidi.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kugeuza. Tukifika nusu ya muda tunageuka, na yeye anajitahidi mambo mazito yawe kwenye kwenda, ili kurudi iwe ya kutulia, nisije nikaachwa pale mwisho wa njia macho mekundu. Nadhani hapo ndo unamjua kaunsela aliyejipanga na yule anayependa tu hewa safi. Aliyejipanga pia atakuuliza mapema kuhusu moyo, pumu na magoti, na mvua ikinyesha ana chumba au mnaongea kwa simu. Viatu, maji, hayo unayajua mwenyewe.

Mtu aliye kwenye hali mbaya sana, anayewaza kujidhuru au aliyepoteza mawasiliano na uhalisia, huku sio pa kuanzia, aende apate huduma yenye uangalizi wa karibu zaidi kwanza.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya faragha, na kuna mambo yangu mawili matatu ambayo nimeshamwambia hayo tutayaongelea ndani, mlango ukiwa umefungwa, akasema sawa.