Detanderi ya TE2 kwenye vyumba vya baridi vya Goma: uzoefu wangu

Detanderi ni valvu inayopunguza presha ya gesi kabla haijaingia kwenye evaporeta, ile koili inayopoza chumba. Ninazofunga zaidi kwenye vyumba vya baridi vya samaki na nyama hapa Goma ni Danfoss TE2, vingi vikitumia gesi ya R134a. Nitasema mapema kwamba naipenda valvu hii. Mwili wake unauzwa peke yake na orifisi, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitisha gesi, inauzwa peke yake. Ukikosea kipimo unabadilisha orifisi tu, mwili unabaki pale pale. Nyingi ninazokuta zimetupwa kwa madai kwamba zimekufa zilikuwa nzima kabisa.

Soma jina kabla ya kulipa. TEN 2 ni ya R134a, TES 2 ni ya R404A na R507, TEX 2 ni ya R22. Herufi E inakuambia valvu ina mdomo wa inchi 1/4 wa mrija wa kusawazisha presha. T2 isiyo na E haina. Evaporeta yenye kigawanyio na mirija mingi inataka E, kwa sababu presha inashuka sana kati ya mlango na mwisho wake. Ukiifungia T2 ya kawaida, valvu inahisi presha kubwa ya mlangoni, inajifunga mno, na nusu ya evaporeta inabaki bila barafu. Na ukishanunua TE2, usizibe ule mdomo wa 1/4 kwa kifuniko. Mrija wake unaungwa upande wa juu wa bomba la kunyonya, lile linalorudisha gesi kwenye kompresa, mbele kidogo ya kichupa cha kuhisi (kinachohisi joto la bomba hilo), kwa kufuata gesi inakoelekea.

Orifisi zina namba, kuanzia 0X, 00, 01 hadi 06. Wengi wanachukua kubwa ili wawe salama, na hapo ndipo shida inapoanzia: valvu inafunguka mno, inajifunga mno, mshale wa manometa, ile saa ya kupima presha, unapanda na kushuka bila kutulia. Chagua kwa jedwali la mtengenezaji ukitumia uwezo halisi wa evaporeta, kisha ile namba ifunge kwenye mrija mwembamba unaounganisha kichupa na valvu, fundi atakayekuja baada yako aijue bila kufungua kitu.

Sasa lile ambalo kwa Goma ni kubwa kuliko yote. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina presha ya bar 0.85 hivi, wakati ya pwani ni 1.01. Manometa ya mshale inapima tofauti kati ya gesi na hewa iliyoizunguka, na ile skeli ya nyuzi iliyochorwa juu yake ilipigiwa hesabu ya usawa wa bahari. Chukua R134a: mshale ukisimama bar 0.99, skeli inakuambia nyuzi -10. Hapa kwetu presha kamili ni 0.85 kujumlisha 0.99, yaani 1.84, na hiyo ni karibu nyuzi -12. Kipimajoto kwenye kichupa kikisoma -5, unaandika joto la ziada (tofauti kati ya joto la bomba na nyuzi za gesi ndani yake) 5 wakati la kweli ni 7. Unaona halitoshi, unazungusha skrubu ya kurekebisha valvu kulia, valvu inabana zaidi, chumba kinachelewa kupoa na kompresa haipumziki. Valvu yenyewe haijui habari za mwinuko: juu ya kiwambo chake kuna gesi iliyofungiwa, haigusani na hewa ya nje. Kwa hiyo mpangilio wa kiwandani, nyuzi 5 za kuanzia kufunguka, unafaa hapa sawasawa na kwingine. Tatizo la manometa linatibiwa hivi: toa bar 0.16 kwenye kila ulichosoma, ndipo uende kwenye jedwali la gesi. Manometa nyingi za kidijitali zina mahali pa kuingiza mwinuko, ingiza.

Presostati ya presha ndogo, swichi inayozima kompresa presha ikishuka mno, nayo ina ugonjwa huohuo. Ukiipanga ikate kwenye bar 0.5 ukidhani ni nyuzi -17, hapa itakata karibu -20.

Kichupa cha kuhisi kinafungwa kwenye bomba la kunyonya lililolala, kwa mkanda wa chuma unaokuja na valvu. Utepe wa mpira wa tairi unalegea baada ya miezi michache. Futa bomba kwa msasa hadi shaba ing'ae, laza kichupa kwa urefu wake wote, kaza, kisha funika kwa sponji ya kuzuia joto. Tazama bomba kwa ncha kama uso wa saa: bomba dogo, kichupa kikae kwenye tarakimu 1 au 2, bomba la zaidi ya inchi 7/8, kishuke kuelekea tarakimu 4. Chini kabisa hapana, kwa kuwa hapo oili inapita na kukidanganya.

Kufunga nati, chanua mdomo wa bomba vizuri, paka tone la oili, tumia spana mbili ili mwili usijipinde. Jaribu uvujaji kwa naitrojeni. Vuta vakyumu, yaani nyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha presha ndogo sana). Kipimo cha maikroni kinapima presha kamili, hicho hakidanganywi na mwinuko.

Ukitaka kugusa skrubu, acha mashine ikae kwenye joto lake la kazi kwanza. Kulia unaongeza joto la ziada, kushoto unapunguza, na mzunguko mmoja kwenye TE2 ni karibu nyuzi 4, kwa hiyo robo ya mzunguko ni hatua kubwa ya kutosha. Zungusha kulia mpaka mshale utulie, rudi kushoto kidogokidogo mpaka uanze kuyumba, kisha kulia robo moja. Subiri kila mara. Usipotulia kabisa, orifisi ni kubwa. Shuka namba moja.

Valvu iliyoziba ina sababu mbili kuu. Ya kwanza ni uchafu kwenye kichujio cha orifisi: vuta gesi irudi tangini, legeza nati ya kuingilia ya inchi 3/8, chomoa orifisi, safisha ule wavu, badilisha filta ya kukausha. Ya pili ni maji. Dalili yake ni presha ya kunyonya kuporomoka, mashine kupumzika, kisha kufanya kazi vizuri kwa muda na kurudia tena. Weka kitambaa cha maji ya moto kwenye mwili wa valvu. Ukisikia gesi inafoka na presha inapanda, ni barafu ndani ya tundu. Kitambaa, siyo moto wa gesi, maana moto unaua kichwa cha valvu. Dawa ni filta mpya na vakyumu ya kweli.

Kabla ya kulaumu detanderi, pima na gesi. Chupa ya R134a iliyolala usiku mzima kwenye nyuzi 20 inapaswa kusoma karibu bar 4.9 hapa Goma. Ikisoma mbali na hapo, gesi imechanganywa au siyo yenyewe, na hakuna skrubu itakayokusaidia. Kagua pia kondensa, ile koili inayotoa joto nje: vumbi jeusi la lava linajaa kwenye mapezi, presha inapanda, na lawama zinaiangukia valvu.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, chumba kinapata joto na kompresa inaanza na mzigo mzito. Kwa mahali kama hapo chukua TE2 yenye MOP, inayoweka kikomo cha presha ya kunyonya. Ila toleo hilo linadai kichwa cha valvu kibaki na joto kuliko kichupa. Kikiwa baridi zaidi, gesi ya kichupa inahamia kichwani na valvu inajifunga.

Kabla gesi haijafika kwenye detanderi weka elektrovani, valvu ya umeme, ile inayojifunga umeme ukikatika, ili gesi ya maji (gesi iliyo kimiminika) isijae kwenye evaporeta. Fuata mshale uliochorwa mwilini na usimamishe koili juu. Umeme ukishuka chini ya volti 190, koili ya 220–230 inaweza kushindwa kunyanyua kiini chake, ikanguruma, ikavuta mkondo mwingi na kuungua. Hivyo hivyo ukiichomoa koili kwenye valvu ikiwa na umeme: inaungua kwa dakika chache. Zima kwanza, ndipo uichomoe.