Diskasi wachanga Nairobi: bei ya kila sentimita

Nimenunua diskasi wachanga, samaki wa mapambo wanaofugwa kwenye tangi, mara mbili katika muda wa mwaka mmoja hapa Nairobi. Mara ya kwanza, mwanzoni mwa Juni, nilinunua vifaranga sita wa sentimita 4 katika duka moja la samaki wa mapambo, kila mmoja kwa shilingi 1,800, jumla shilingi 10,800. Mara ya pili, mwezi Septemba, nilinunua sita wa sentimita 6 kutoka kwa mzee mmoja anayeagiza samaki wake kutoka Malaysia na kuwatunza nyumbani kwake kabla ya kuwauza, kila mmoja kwa shilingi 4,500, jumla shilingi 27,000. Tathmini hii inamhusu mzee huyo, lakini bei yake haieleweki bila kueleza kwanza yaliyonipata kwa vifaranga wa duka, kwa sababu kila aliyesikia kwamba nimelipa shilingi 4,500 kwa samaki anayetosha kiganjani aliniambia nimeibiwa.

Diskasi ni samaki wa mto Amazon na vijito vyake, bapa kama sahani, na akikomaa hufikia sentimita 15 hadi 20. Wanaouzwa madukani karibu wote wamezalishwa katika mashamba ya Asia au Ujerumani, na kuzaliana kwao si kama kwa samaki wengine wa mapambo. Mayai yakianguliwa na vitoto vikaanza kuogelea, hujibandika kwenye ubavu wa baba na mama na kula ute unaotoka katika ngozi ya wazazi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mfugaji hawezi kuwatenga mapema akawalea kwa maelfu katika bwawa. Kuna pia nauli ya ndege, ambayo hutozwa kwa uzito, na mzigo mkubwa katika mfuko wa samaki ni maji. Mfuko unaobeba vifaranga wengi wa sentimita 4 hubeba wachache tu wa sentimita 8. Ndiyo maana waagizaji hupenda kuleta walio wadogo kabisa, na ndiyo maana bei hupanda haraka kuliko urefu wa samaki.

Tatizo ni kwamba diskasi wa sentimita 4 bado yumo katika kipindi kigumu zaidi cha maisha yake. Anahitaji maji ya nyuzijoto 28 hadi 30 usiku na mchana, chakula mara nne au tano kwa siku, na maji mapya kila siku, la sivyo hudumaa, na aliyedumaa utotoni hafidii tena urefu alioupoteza. Wale sita wa kwanza waling'aa dukani kwa rangi ya feruzi iliyokolea mno, jambo ambalo sasa najua lilipaswa kunitia shaka, kwa kuwa diskasi wengi wa umri huo huwa na rangi ya kahawia iliyofifia, na wapo wauzaji wanaowapa homoni ili rangi itokee kabla ya wakati wake. Ndani ya wiki tatu rangi ilififia. Mmoja alianza kutoa kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi, kisha akakataa kula, na baada yake wa pili na wa tatu. Niliwatibu kwa metronidazoli, dawa ileile ambayo wengi wetu tunaijua kwa maradhi ya tumbo, lakini nilikuwa nimechelewa. Mwisho wa Agosti walibaki wawili, wenye macho makubwa kupita kiasi na mwili uliorefuka badala ya kuwa mviringo, na hizo ndizo dalili za samaki aliyekwisha kudumaa. Muuzaji aliniambia kwamba dhamana yake ilikuwa ya saa 24.

Nilipofika kwa mzee, nilikuta matangi manane katika chumba chenye joto kama la Mombasa, yote yakiwa hayana mchanga wala mawe, sakafu yake ni kioo kitupu. Nilivutiwa na tangi la vifaranga wekundu, naye akanishika mkono taratibu na kunirudisha nyuma. "Usianze na rangi, mwanangu. Tazama jicho, kisha tazama mashavu yakipumua." Alinionyesha kwamba samaki mzima hufungua matamvua ya pande zote mbili kwa mwendo mmoja, ilhali anayepumua kwa upande mmoja huenda ana minyoo ya matamvua. Nilimwomba awalishe nikiwa pale. Alidondosha kipande cha chakula kilichogandishwa, cha ukubwa wa kidole gumba, na samaki wote wakakivamia kwa pamoja, wakikinyofoa kutoka kila upande hadi kikayeyuka katikati yao. Alisubiri dakika kumi, akachukua mpira na kufyonza makombo yote hadi kioo kikawa safi, kisha akaosha mikono kabla ya kugusa tangi la pili. Sijaona duka lolote hapa mjini likifanya hivyo mbele ya mnunuzi.

Chakula hicho hukitengeneza mwenyewe kwa moyo wa ng'ombe anaoununua kwenye bucha, akiuondoa mafuta na mishipa yote, kuusaga pamoja na mchicha na kitunguu saumu, kisha kuugandisha katika mifuko myembamba. Alinipa mfuko mmoja bila malipo pamoja na maelekezo yaliyoandikwa kwa mkono. Samaki wake hukaa naye si chini ya wiki nne tangu washuke uwanja wa ndege, na katika muda huo huwapa prazikwanteli, dawa inayotumiwa kwa binadamu wenye kichocho, ili kuua minyoo ya matamvua. Wiki hizo nne ndizo unazozilipia. Kama kungekuwa na wagonjwa, wangekufa kwake, si kwangu.

Sasa hesabu. Mwezi Julai hita yangu ya wati 300 huwaka karibu nusu ya siku, yaani uniti 3.6 kwa siku na 108 kwa mwezi, na kwa bei ninayonunua tokeni hizo ni zaidi kidogo ya shilingi 3,000. Miezi mitatu ya vifaranga wa bei nafuu ilinigharimu shilingi 9,000 za umeme na 2,400 za dawa juu ya bei ya ununuzi, jumla shilingi 22,200, nikabaki na samaki wawili waliodumaa, sawa na shilingi 11,100 kwa kila mmoja. Kati ya sita wa mzee, mmoja alikufa katika wiki ya pili na watano wanaendelea. Nikiwawekea umeme wa miezi mitatu kwa kiwango kilekile, inakuwa shilingi 36,000, au 7,200 kwa kila samaki, na hawa ni samaki wa mviringo, wanaokula, ambao mkubwa wao amefika sentimita 11. Sikuwachanganya na wale wawili wa zamani. Diskasi wa vyanzo viwili tofauti wanaweza kuambukizana maradhi ambayo kila upande ulikuwa umeyazoea.

Ninayo malalamiko mawili. La kwanza ni kipimo. Mzee hupima kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, na kwa kipimo hicho samaki wangu walikuwa kweli wa sentimita 6, lakini mwili peke yake haukufika 5. Hakunificha, ila hakunieleza hadi nilipouliza, na katika biashara ambamo kila sentimita ina bei yake mnunuzi anastahili kuambiwa mapema. La pili ni yule aliyekufa. Mzee alikubali kunipunguzia nusu ya bei nitakaponunua tena, ambayo ni heshima kubwa kuliko niliyopewa dukani, lakini ningependa ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti, si kutegemea kwamba atanikumbuka.

Anayeishi Nairobi ana bahati moja ambayo wauzaji hawaizungumzii. Maji ya bomba yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini, yenye madini machache, na diskasi huyapenda, mradi klorini iondolewe kwanza. Maji ya visima vya mjini ni jambo jingine kabisa, kwani mengi yana floraidi nyingi na hayana asidi, na mtu anayeyategemea wakati wa mgao ajue kwamba kubadilisha nusu ya tangi kwa maji hayo ni kuwahamisha samaki wake kutoka mto mmoja hadi mwingine kwa dakika tano. Mimi huhifadhi lita 200 za maji ya bomba kwenye pipa, na pipa hilo, shilingi 3,500, ningelinunua kabla ya samaki wa kwanza.

Mzee anatarajia mzigo mwingine, na ameniuliza kama nawataka wa sentimita 6 tena au wa 8 kwa shilingi 7,000. Nimemwomba aniwekee watatu wa 8, wapimwe bila mkia.