Mihadhara ya Gifford: ukumbini au kitabuni?

Mihadhara hii kuhusu Mungu na dini ilianza 1888 katika vyuo vikuu vya Uskoti, kutokana na wosia wa jaji Adam Gifford: umma uruhusiwe kuingia, na mhadhiri awe wa dini yoyote, hata asiye na dini.

Ukienda ukumbini unapata sauti yenyewe, kusitasita kwake, na lile swali la mzee wa nyuma linalomfanya msemaji aweke karatasi chini. Kitabu kinachotokana na mihadhara hakina hayo, tena huchelewa: mwanafalsafa Iris Murdoch alizungumza Edinburgh 1982, kitabu kikatoka 1992! Ila kitabu kinakuvumilia. Ukikwama, unarudi ukurasa wa nyuma. Kwa falsafa nzito kama yake, mimi ningesubiri. Angekuwa mshairi, ningewahi kiti cha mbele.